Tundu Chini ya Kiti

Wayua aliinjika chai, akakung'uta ovaroli yake ya buluu iliyokuwa imeanikwa mlangoni, kisha akaenda kumwamsha mdogo wake. Siku nyingine Mumo huamka kwa kuvutwa mguu. Ijumaa hiyo alimkuta ameketi kitandani, jezi mwilini na viatu miguuni.

“Wayua, ni kweli gari letu linatoka leo?” Mumo aliuliza.

“Litatoka saa sita. Limebaki na kazi kidogo tu, chini ya kiti cha tatu.”

“Likichelewa, wale wa Masii tunaocheza nao watasema tumewaogopa! Mwalimu wa michezo amesema tunaondoka saa saba kamili.”

Mama yao, Kavindu, alikuwa akifunga mizigo yake ya sukuma wiki tayari kwenda sokoni. Aliiweka chini, akaishika mikono ya binti yake kama alivyofanya kila asubuhi tangu Januari. “Bwana, mikono hii isiumizwe wala isimuumize mtu,” aliomba. Wayua akaitikia amina, akanywa chai yake haraka, akatoka nyumbani kwao Mumbuni huku jua likianza kuchomoza.

Alikuwa na miaka kumi na saba, msichana pekee kati ya vijana kumi na mmoja waliojifunza ufundi wa bodi za magari katika chuo cha ufundi pale Machakos. Wiki hiyo karakana yao ilikuwa imepokea gari la manjano la shule ya Mumo. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hata ukikanyaga unaona barabara. Kwa siku tatu wanafunzi walikata bati bovu na kuchomelea jipya. Siku hiyo kilibaki kipande kimoja tu, chini ya kiti cha tatu, mahali ambapo bolti ya mbele hupita kukishika kiti.

Mwalimu wao, Maundu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyundo yake ndogo haikutoka mfukoni ila kwa kazi moja: kugonga kilichochomelewa na kusikiliza. “Chuma kizima hulia,” alizoea kusema. “Kibovu hunung'unika.”

Asubuhi hiyo aliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, kulikokuwa na wageni. Kabla ya kwenda alimwonyesha Wayua kile kipande. “Tumia moto mdogo. Bati jembamba ni kama chapati. Ukizidisha moto, linatoboka. Na unakumbuka nilichosema Jumanne.”

Wayua alikumbuka sana. Jumanne aliunguza bati moja, na Musili, kijana mcheshi kupita wote darasani, akampachika jina la Mama Chujio. Mwalimu naye alimwambia, “Ukiunguza lingine, utarudi kwenye msasa mpaka muhula uishe.” Maana yake ilikuwa kusugua rangi za watu kutwa nzima, na kukosa mtihani wa kuchomelea mwezi ujao. Mtihani huo ndio aliouota usiku na mchana.

“Mama Chujio!” Musili alipiga kelele kutoka nje, alikokuwa na wenzake wakinyoosha mlango wa pikapu. “Leo utatuchujia chai au uji?”

“Wewe nyoosha huo mlango, umekunjwa kama uso wako!” Wayua alimjibu, na wote wakacheka.

Kisha Wayua alipiga magoti kando ya kile kipande. Aliteremsha kioo cheusi usoni, akaanza. Moto haukushika. Akajaribu tena, haukushika. Saa tano ilikuwa imepita. Akaiendea mashine ya kuchomelea, akaongeza moto kidogo, halafu akaongeza tena. Cheche ziliruka, na alipopandisha kioo aliona tundu kubwa kama yai la kuku, pale pale penye njia ya bolti.

Dawa ya tundu hilo aliijua: kukata, kupima bati jingine, kuchomelea upya. Ni kazi ya saa nzima, na mwalimu hangekosa kuiona. Akageuka huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Karibu na goti lake palikuwa na kopo la puti, ule mchanganyiko mzito ambao mafundi hupaka kujazia mabonde madogo ya bodi kabla ya rangi. Puti ni ya uso, si ya mzigo. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo.

Wayua alikunja wavu wa waya, akauziba nao lile tundu, akashindilia puti juu yake. Ilipoganda aliitoboa njia ya bolti, akaipiga msasa, akapaka rangi nyeusi. Kisha akarudisha kiti na kuikaza bolti. Ukitazama, kazi ilikuwa safi kuliko zote za wiki hiyo.

Mwalimu Maundu alirudi saa sita, akiandamana na Mutiso, dereva wa shule. Aliinama, akamulika kwa tochi. “Safi,” alisema. “Leo umefanya kazi ya fundi.” Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na nyundo.

“Aai, Mwalimu, tafadhali!” Mutiso alilalamika. “Watoto wamevaa jezi tangu alfajiri. Wananipigia simu kama mtu anayedaiwa mahari!”

Mwalimu alicheka, akairudisha nyundo mfukoni. Gari likawashwa, likatoka langoni. Wayua alibaki amesimama, lile neno “safi” likimchoma kuliko cheche.

Wakati wa chakula alikoroga githeri yake bila kuionja. Musili akaja, akakaa kando yake. “Mama Chujio, mbona leo sahani inakula wewe?”

Wayua hakuweza kuvumilia. Alimweleza yote kwa sauti ya chini. Tabasamu likamtoweka Musili.

“Nyamaza tu,” alisema. “Kwani gari litasema? Tena barabara ya Masii ni lami.”

“Na matuta je? Na dereva akikanyaga breki kwa ghafla?”

Musili alitazama sahani yake. “Ukisema, utarudi kwenye msasa. Mimi sijui.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro robo. Wayua alifumba macho. Bwana, aliomba kimoyomoyo, ishikilie bolti hiyo iende Masii na kurudi, nami Jumatatu nitaitengeneza kwa siri. Lakini hapo akasita. Alikuwa akimwomba Mungu ashikilie kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa mikono ile iliyoombewa asubuhi, alikiachilia makusudi. Akawaona watoto watatu wakirushwa mbele pamoja na kiti chao. Hakumaliza ombi. Aliiacha sahani, akatoka mbio.

Alimkuta Mwalimu Maundu stoo akihesabu spana.

“Mwalimu, lile gari lisiende. Nilitoboa bati pale kwenye bolti. Nikaziba kwa puti.”

Mwalimu aliweka spana chini polepole. “Bolti ya mbele?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Hakugomba. Wayua angeona nafuu kama angegomba. Alitoa simu, akampigia Mutiso. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. “Dereva mzuri hashiki simu akiendesha,” alisema, jasho likimtoka kipajini. “Chukua helmeti. Panda pikipiki yangu.”

Walikata njia kupitia Mumbuni, vumbi likiwafuata. Langoni mwa shule palikuwa kimya. Mlinzi alisimama na rungu lake. “Mmewakosa! Wametoka sasa hivi, tena wakiimba,” alisema. “Mutiso alisema ataweka mafuta kwanza pale njia panda.”

Pikipiki iligeuka. Walipofika kituo cha mafuta, gari la manjano lilikuwa limeshaiacha pampu na linaingia barabarani, nyimbo zikitoka madirishani. Wayua hakungoja pikipiki isimame sawasawa. Aliruka, akakimbia, akasimama mbele ya gari, mikono ameinyoosha.

Kwa bahati gari lilikuwa bado linatambaa, likasimama taratibu mbele yake. Mutiso alitoa kichwa dirishani. “We msichana! Unataka kunipeleka jela?”

“Washushe watoto, Mutiso,” Mwalimu Maundu alisema nyuma ya Wayua. “Wote. Polepole.”

Watoto wakashuka wakinung'unika. Kwenye kiti cha tatu walikuwa Mumo na rafiki zake wawili, naye Mumo alishuka akiwa bado anajigamba, “Hapa ndipo dada yangu alipotengeneza!” Mwalimu aliingia, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akakivuta. Bolti ikang'oka pamoja na bonge la puti, kama jino linalotoka kwenye ufizi mbovu.

Mutiso alivua kofia yake. “Na ule mteremko ulio mbele,” alinong'ona, “huwa nakanyaga breki mara ngapi!”

Mumo alilitazama lile bonge, kisha akamtazama dada yake. “Wayua, ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Sasa tumechelewa kwa sababu ya dadako!” mwenzake mmoja, Kanini, alifoka. Mumo aliinamisha kichwa, na Wayua angependa ardhi immeze.

Mwalimu wa michezo alipiga simu Masii, akawasihi wachezeshe timu nyingine kwanza. Gari likarudi chuoni polepole na dereva peke yake ndani, watoto wakifuata kwa miguu na mwalimu wao. Pale karakanani Mwalimu Maundu alikata sehemu yote iliyoharibika, akapima bati jipya, kisha akamkabidhi Wayua mashine.

“Mwalimu, mimi tena?”

“Nani mwingine? Mimi nitasimama hapa. Moto mdogo.”

Wayua alipunguza moto wa mashine, akaanza kuchomelea kidogo kidogo, akipumzisha bati kila mara lisichemke. Hakuna aliyemwita Mama Chujio. Alipomaliza, Mwalimu aliinama, akagonga kwa nyundo mara tatu. Bati likalia, ngi, ngi, ngi, hata watoto waliokaa nje kwenye nyasi wakageuza vichwa.

Ndipo Mwalimu akawaita wanafunzi wake wote.

“Leo mimi mwenyewe nimekosea,” alianza. “Nilirudisha nyundo mfukoni kwa sababu ya haraka ya mtu. Hilo halitatokea tena, na mkiniona nikifanya hivyo, nikatazeni. Na Jumanne nilimtisha huyu kwa maneno makali, nikamfanya aogope msasa kuliko ajali.” Akamgeukia Wayua. “Kuunguza bati ni kosa la mwanafunzi. Mimi niko hapa kwa ajili ya makosa kama hayo, na mabati niliyounguza nikijifunza yangeezeka nyumba. Lakini kuficha ni jambo jingine. Anayepanda gari haoni chini ya kiti. Anakaa tu, akiamini kwamba fundi alikuwa mwaminifu pale ambapo hapakuwa na macho. Utapiga msasa wiki mbili, si kwa kutoboa, bali kwa kuficha. Mtihani wako bado uko. Tena umesema mwenyewe kabla mtu hajaumia. Kusema kulikuwa kugumu kuliko kuchomelea, na bila hilo huwezi kuwa fundi.”

“Asante, Mwalimu,” Wayua alijibu, machozi yakimlengalenga.

Kiti kilirudishwa, bolti zikakazwa. Mutiso akakitikisa kwa nguvu zake zote, kisha Mwalimu, kisha Musili, ambaye hakuambiwa. Watoto walisimama mlangoni mwa gari wakisukumana. Hakuna aliyetaka kukalia kiti cha tatu.

“Wayua,” Mwalimu alisema, “panda wewe. Fundi huikalia kazi yake kwanza.”

Alipanda na ovaroli yake yenye masizi, akakaa, akafunga mkanda. Kisha Mumo akapenya katikati ya wenzake, akaja akakaa kando yake bila kumtazama, na kumwashiria Kanini aje. Gari likatoka. Kwenye tuta la kwanza nje ya lango, macho yote yalitazama sakafuni. Kiti hakikutikisika.

“Haya basi,” Kanini alisema, akiegemea nyuma. “Nani alianzisha ule wimbo?”