Chips za Mama Lusweti

"Sema tena. Sema hapa mbele ya kila mtu, ati chips zangu zinaua."

"Sikusema zinaua watu. Nilisema zinaua seli."

"Seli ni nini, na nani alikuuliza?"

Mbula, msichana wa darasa la saba, alirudi hatua moja nyuma. Mama Lusweti alikuwa amesimama kwa mlango wao, aproni imejaa mafuta. Tangu asubuhi hakuna mtu alinunua kwake pale stage ya matatu ya Kawangware 56. Watu walipita wakimwangalia kama mchawi. Na hiyo Januari ya 2008, baada ya kura kuleta vita, kuangaliwa hivyo haikuwa mchezo. Mtaa mzima ulikuwa unatafuta wa kuchukia.

"Ni auntie alisema," Mbula akajibu kwa hasira. "Anafanya kazi kwa lab ya utafiti huko mjini. Walitoa ile kahawia inatokea viazi vikikaangwa sana, wakawekea seli za mwili, zile wanafuga kwa chupa. Zikakufa zote."

Auntie Kaluki akatoka ndani. "Na nilipofika hapo kwa hadithi, ulingoja nimalize?"

"Zilikufa ama hazikukufa?" Mbula akasisitiza.

"Zilikufa. Lakini kulikuwa na chupa ingine hatukuiwekea kitu, ya kulinganisha. Hiyo pia ilikufa. Unajua kwa nini? Barabara zilifungwa, hakuna mtu alifika kuzibadilishia chakula. Zilikufa njaa, Mbula. Tunaanza upya."

"Lakini inaweza kuwa kweli."

"Inaweza. Nikijua nitakwambia. Leo mimi sijui, na mimi ndiye nilikuwa nazo. Wewe umejulia wapi? Twende."

Auntie alimpeleka mpaka stage, Mama Lusweti akiwafuata. Mbula akasimama mbele ya wale wale aliowaambia, akatoa yote: chupa mbili, barabara, njaa. Hakuficha kitu.

"Kwa hivyo nimeshinda na njaa bure?" Ndungu wa duka la hardware akauliza. Watu wakacheka. "Mama Lusweti, niwekee sahani kubwa. Na usikaange mpaka iwe nyeusi, nisije nikafa kama ile chupa."

Wengine wakasogea nyuma yake. Mama Lusweti hakucheka.

"Pole, Mama Lusweti," Mbula akasema. "Sikujua."

"Hukujua, na ukasema. Hizi wiki watu wamechomewa nyumba sababu mtu hakujua na akasema. Mimi niko na watoto ndani ya yangu. Ukiwa hujui, uliza. Kama hakuna wa kuuliza, funga mdomo."

Akageuka, akaenda kuwasha jiko.