Hedifoni Zilizosubiri Mgeni Rasmi

Hedifoni ishirini na nne zilikufa ndani ya siku nne. Hakuna aliyeloga. Zilinunuliwa vibaya, na aliyezinunua ni Burito, mnunuzi wa ng'ombe wa karibu na Kiabakari, mtu ambaye mnadani hajawahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa hata siku moja.

Shule ya kijiji chao ilikuwa imepata vishikwambi ishirini na nne vya kuwafundishia kusoma watoto wa darasa la pili. Haikuwa zawadi, ilikuwa azima. Watu wa mradi walisema wazi: mpaka shule zifungwe mwezi wa sita, kama havitumiki, vinahamia shule nyingine upande wa Bunda. Na bila hedifoni havitumiki, maana vishikwambi ishirini na nne vikiongea kwa pamoja chumba kimoja, husikii herufi, unasikia mnada wa mbuzi. Wazazi arobaini na nane wakachanga elfu tano tano, wakamkabidhi Burito, mwenyekiti wa kamati.

Burito naye alikuwa na lake moyoni. Binti yake Happyness alikuwa darasa hilo na alikuwa hajui kusoma. Nyumbani wanaongea Kizanaki. Kiswahili mtoto alikikuta shuleni, kwa mwalimu mmoja anayewagawia masikio yake watoto arobaini na nane. Kwenye kishikwambi angeisikia sauti ya herufi mara ishirini, wala asichekwe na mtu.

Akaenda Musoma mjini. Muuzaji akamwekea boksi mezani.

"Mzee, hizi ndizo zinazotoka. Elfu sita tu. Ikisumbua, rudisha ndani ya siku saba."

Juu ya boksi kulikuwa na picha ya kijana amevaa hedifoni anacheka. Burito akaitazama picha, akalipa. Laki moja na arobaini na nne elfu. Zikabaki tisini na sita elfu, akarudi anapiga mluzi.

Mwalimu Euphrasia wa darasa la pili akamwomba, "Baba Happyness, tufungue hata moja tuone."

"Mwalimu, mali ya wananchi haifunguliwi kienyeji. Subiri mgeni rasmi."

Zile tisini na sita zikaenda kwenye turubai, pilau na soda. Mgeni rasmi akaahirisha mara mbili. Wiki tatu maboksi yakakaa kabatini yamefungwa utepe mwekundu. Ndugu zangu, msimcheke Burito peke yake. Ni wangapi hapa tumeshapika pilau ya kupokea kitu ambacho hatujui hata kama ni kizima?

Sherehe ikafana, picha zikapigwa. Jumatatu darasa likaanza, na aibu ikaanza nalo. Hedifoni zilikuwa za watu wazima. Zilishuka mpaka shingoni, ikabidi mtoto azishike kwa mikono miwili, asibaki na mkono wa kugusa kishikwambi. Waya ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, ukivutwa kidogo tu sikio moja linanyamaza. Sauti nayo haikuwa na kikomo. Mtoto wa mama Matrida, mmoja wa wazazi waliochanga, alitoka nje analia, sikio linavuma. Alhamisi hapakuwa na hata moja nzima.

Burito akazipakia, akazirudisha Musoma.

"Siku saba, mzee," muuzaji akasema. "Wewe umekuja baada ya mwezi."

Jioni mke wake, Stellah, akamwekea ugali, kisha akamwekea na maneno.

"Ng'ombe unamzungukaga nusu saa. Unamfungua mdomo, unamtembeza. Hizi za watoto ulizikaguaje?"

"Niliangalia boksi."

"Basi ulinunua ng'ombe kwa kuangalia zizi."

Happyness akainua uso kwenye sahani. "Baba, vishikwambi vinaenda Bunda lini?"

Burito akalirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono.

Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri wa kusimama mbele ya wazazi. "Kosa ni langu. Msichange tena, nitalipa mimi."

"Na soda zitakuwepo?" Gasper, mmoja wa wazazi, akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka sana. Burito akavumilia, maana alistahili. Siku ya mnada akamuuza mtamba aliyekuwa amemtenga awe mama wa zizi lake.

Safari hii alikwenda Bunda, na alimchukua Happyness na kishikwambi kimoja. Kwenye duka la vifaa vya simu la dada mmoja, Jenoveva, akamsogeza binti mbele.

"Dada, nataka ya kichwa hiki."

Jenoveva akaleta aina nne. Burito akaanza kazi aliyoizoea. Akazikunja, akavuta waya, akaangusha moja sakafuni makusudi.

"Mzee! Unanunua au unavunja?"

"Ng'ombe wangu wananunuliwaga hivyohivyo."

Jenoveva akacheka, kisha akamsaidia. Akamwonyesha aina moja ndogo ya watoto: utepe wa kichwani unaokunjika bila kukatika, waya mnene unaochomoka, ukiharibika unabadilisha waya peke yake, na mito ya masikio inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Happyness akaivaa, akaongeza sauti mpaka mwisho. Burito akamvua, akaweka sikio lake. Ilisikika vizuri, lakini haikupiga kelele.

"Elfu kumi na nne," Jenoveva akasema.

"Kumi na tatu. Na leo nachukua moja tu."

"Moja?"

"Ikae darasani wiki nzima, watoto waichezee wanavyotaka. Ikitoka hai, nakuja kuchukua ishirini na tatu."

Ilitoka hai. Akarudi kuzichukua, na mchana uleule Mwalimu Euphrasia akazigawa, watoto wawili kwa moja, kwa zamu. Hapakuwa na turubai.

Watu wa mradi walipokuja kabla ya shule kufungwa, walikuta darasa kimya, watoto wanatikisa midomo. Mmoja akampa Happyness kitabu ambacho hajawahi kukiona. Akasoma ukurasa mzima, polepole, kidole chini ya neno. Burito alikuwa amesimama dirishani kwa nje. Vishikwambi vikabaki.

FUNZO

Kitu cha mtoto kikague kama unavyokagua mali yako mwenyewe. Mpeleke mtoto mwenyewe akajaribu. Fungua boksi palepale dukani. Nunua kimoja kwanza. Cha bei rahisi kinachokufa wiki hiyohiyo ni ghali. Na sherehe ije baada ya kazi, si kabla.

Kosa hili liligharimu hivi: laki moja na arobaini na nne elfu za hedifoni mbovu. Tisini na sita elfu za turubai, pilau na soda. Mtamba mmoja. Wiki saba za masomo za watoto arobaini na nane. Hedifoni nzuri zote ishirini na nne zilikuwa laki tatu na kumi na mbili elfu. Mchango wa mwanzo ungepungukiwa na elfu sabini na mbili tu, yaani elfu moja na mia tano kwa kila mzazi.