Barafu Iliyoganda Mshazari

Saa nane na dakika kumi mchana, Ijumaa, Fridah alizamisha kijiko kwenye ndoo ya kwanza ya aiskrimu, nacho kikakwaruza kama kimegonga mchanga.

Kijiko kile kilikuwa haki ya Salem, mtoto wa ndugu yake bosi. Miaka yote mitatu ambayo Fridah aliuza aiskrimu katika duka la bosi kule Riyadh, haikuwahi kufunguliwa ndoo Salem akapitwa na kijiko cha kwanza. Leo alikikataa kabla hata kifuniko hakijaguswa. "Nipe kahawa tu, na tende." Duncan, dereva aliyeleta mzigo kutoka Jeddah, aliomba kijiko hicho mara mbili, akafukuzwa mara mbili. Basi Fridah alionja mwenyewe. Akatema.

"Imeyeyuka ikaganda tena. Na imeanza kuchacha."

Wakafungua ndoo zote kumi na mbili. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Duka hili walilokuwamo leo lilikuwa jipya, kando ya barabara kongwe ya Riyadh na Jeddah, mwendo wa saa tatu kutoka Taif. Saa kumi na moja jioni msafara wa magari arobaini ya zamani ungetua hapo kutoka Riyadh, na wakiridhika wangetua kila Ijumaa. Bosi Ghalib, Mzanzibari mzaliwa wa Jeddah, alikuwa na ufunguo wake mfukoni, amkabidhi Emmaculate aliendeshe, aliyekuwa akitengeneza aiskrimu yake yote kule Kandara, mtaa wa Jeddah. Emmaculate alikuwa amekuja kwa basi, na aproni mpya.

"Emmaculate, mwanangu, umenipakilia uji?"

"Aki ya Mungu, bosi, jana saa tisa zilikuwa mawe!"

"Mawe gani, Ami?" alisema Salem. "Kapakia bichi, zikaganda njiani. Chenga zenyewe si hizo?"

Ghalib alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Halas. Ufunguo sikupi. Na ikama yako ya ukaazi ikiisha mwezi ujao, siihuishi. Utarudi kwenu."

Emmaculate aliketi juu ya kreti. Kwao ni Kitale, na watoto wawili walikuwa shuleni kwa jasho la mikono yake. Machozi yakaanza.

Fridah alikuwa amelea wavulana wanne na hakuwa na subira na machozi. "Utalia baadaye. Bilauri yako iko wapi?"

"Bilauri gani?" aliuliza Ghalib.

"Kwetu stima hupotea bila kupiga hodi, bosi. Kwa hiyo mtu hugandisha maji kwenye bilauri, anaweka shilingi juu ya barafu, anaiacha ndani ya friji. Ukirudi ukaikuta juu, chakula ni kizima. Ukiikuta chini, kiliyeyuka ukiwa haupo. Huku umeme haukatiki, hamna haja nayo. Emmaculate huiweka katika kila mzigo."

Salem aliacha kutafuna tende.

Fridah akaingia nyuma ya gari la friji. Bilauri ilikuwa imebanwa kwenye kona, kati ya rafu na ukuta. Kabla ya kuitoa, alichora kwa kalamu alama upande uliotazama milango. Shilingi ilikuwa chini kabisa.

"Imezama!" Emmaculate aliruka. "Mmeona? Iliyeyuka njiani!"

Salem alicheka. "Hata mimi nikitia maji mabichi na shilingi yangu, itazama vilevile. Inathibitisha nini?"

"Hapo amesema kweli," Fridah alikiri, na uso wa Emmaculate ukasawijika. Akaiweka bilauri juu ya kaunta, akaizungusha taratibu. Akachukua limau, akaliweka kando yake. Limau halikuviringika.

"Kaunta iko sawa. Sasa, bosi, tazama uso wa barafu."

Barafu ilikuwa mshazari. Upande wa alama, upande wa milango, ilikuwa juu kwa unene wa kidole kuliko upande wa dereva.

"Maji yakitulia hulala sawa," alisema Fridah. "Kilichoinama ni gari. Uwanja wa Kandara ukoje?"

"Bapa," alijibu Ghalib. "Tukiosha magari, maji hayaendi popote mpaka uyafagie."

"Basi ni mlima wa Al-Hada, wa kupandia Taif!" Salem alidakia. "Yaliganda gari likipanda."

"Kwa kona zile? Yangesukwasukwa. Haya yaliganda gari limesimama saa nyingi, pua juu, mkia chini. Duncan!"

Duncan alikuwa akifuta kioo kilekile kwa robo saa nzima.

"Jana ulilala wapi?"

"Kituo cha petroli, Taif, mathe. Si nilisema?"

"Kituo cha petroli chenye mlima? Jaribu tena."

Duncan alitazama viatu vyake. "Bosi alinikataza kuliacha gari. Lakini Salem alinipigia saa moja na nusu jioni. Akasema njoo kwetu Al-Hada ulale kama mtu, gari tuliingize bandani, yeye atachomeka waya wa friji. Nililala majilisi, chumba cha wageni. Asubuhi saa tatu nilikuta mashine inanguruma, nikaondoka."

"Banda lina kufuli?"

"Lina. Ufunguo anao yeye."

"Na sakafu?"

Aliyejibu ni Ghalib, polepole. "Mteremko. Mimi na kaka yangu ndio tuliolijenga. Gari likiingia, linapanda."

Wote wakamgeukia Salem.

"Hata Duncan alikuwa hapo!"

"Duncan ameniomba kijiko mara mbili," alisema Fridah. "Angejua ni sumu ya tumbo, angeomba? Wewe, mfalme wa kijiko cha kwanza, ulikataa kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ulijua kilichomo."

Finjani ya Salem iligonga meza, kahawa ikamwagika.

"Ndiyo! Nilichomoa waya saa mbili usiku, nikaacha milango wazi. Saa saba nikaurudisha. Uliniahidi mimi, Ami! Ulisema duka la barabarani ni la Salem. Leo unampa mpishi!"

"Nilisema litakuwa lako ukijua kazi," alisema Ghalib. "Miaka mitano nakwambia nenda Kandara ukajifunze kwa Emmaculate. Ulichojifunza ni kuonja. Na ungeacha mama wa watu arudishwe kwao! Chukua ndoo hizo. Mwaga, kisha uzioshe moja moja."

Saa tisa na dakika tano. Emmaculate tayari alikuwa amekunja mikono. "Bosi, barafu safi ipo sandukuni, ukwaju upo, sukari ipo. Nitawasagia ya ukwaju. Kwa jua hili watalamba mpaka bakuli."

Ghalib akamtolea ufunguo. "Nisamehe, mwanangu. Nilitangulia kuhukumu."

"Na ikama?" aliuliza Fridah, ambaye hakupenda mambo ya kukisia.

"Jumapili asubuhi, ofisi zikifunguliwa tu, naihuisha."

Saa kumi na moja kasorobo honi zililia kwa mbali, na gari la kwanza, jekundu, likang'aa barabarani. Emmaculate akaweka bilauri mpya ya maji ndani ya friji, shilingi ikingoja mfukoni mwa aproni yake. Karai la ukwaju lilikuwa tayari, likitoa moshi wa baridi.

Salem alisimama mlangoni na ndoo ya kumi na mbili, maji yakimchuruzika viwikoni, macho yakiwa karaini.

Kijiko cha kwanza Fridah alimpa Duncan.