Kazi Thelathini na Moja Zilizofutwa

"Shona kabla ya saa sita."

Maneno matano, kwa lugha ya idara ya ujasusi maana yake maliza kazi, kisha simu ikakatwa.

Sindano, kama alivyoitwa idarani, alikuwa tayari anapanda ngazi mbili mbili. Lifti ya jengo la Maktaba ya Pamoja ilikuwa imekwama tangu juzi, na ukumbi wa kupitishia mafaili uko ghorofa ya saba. Kila mlango una kigunduzi cha chuma, kwa hiyo bastola yake ya Glock aliiacha kwenye kabati la mapokezi. Alibaki na kompyuta aina ya ThinkPad, kalamu yenye kamera na kifaa cha sikioni kidogo kama punje ya haragwe.

Kitambulisho shingoni kilisema yeye ni mpitiaji wa mafaili wa nchi yake. Safari hii hakikudanganya. Miaka mitatu alijificha kwenye kazi hiyo, mwisho akaijua kuliko walioisomea.

Ghorofa ya nne, kifaa kikanong'ona. Alikuwa Mkuu wake wa idara, yule yule wa simu.

"Umefika?"

"Ngazi."

"Sikiliza vizuri. Faili linalopigiwa kura leo limeletwa na wale wasafirishaji silaha."

Sindano akasimama.

Faili lenyewe lilikuwa ontolojia mpya ya kazi, yaani orodha ya kazi zote wanazofanya binadamu, ikieleza kila kazi ni ya aina gani na iko chini ya ipi. Kitu cha kumfanya mtu asinzie. Lakini daftari za utambulisho za nchi kumi na saba zinasoma moja kwa moja kutoka Maktaba ya Pamoja. Likipitishwa saa sita, zinalisoma papo hapo. Mtu ambaye kazi yake haimo kwenye orodha mpya anatupwa kwenye orodha ya mabaki, jina, picha na namba ya simu, na orodha hiyo anapelekewa aliyelileta faili ili asahihishe. Aliyelileta ni bwana mmoja anayejiita Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea.

"Amefuta kazi thelathini na moja," alisema Mkuu. "Mojawapo ni fundi taipureta."

"Sasa?"

"Watu wetu tisa walio ndani ya magenge, wote wameandikwa mafundi taipureta."

"Wote tisa?"

"Wote."

"Nani alifanya upuuzi huo?"

"Mimi." Sauti ya Mkuu ilishuka. "Sikutaka karani yeyote ajue majina, nikajaza fomu mwenyewe. Mfumo haukubali uache nafasi ya kazi wazi. Nikachagua kazi ambayo hakuna mtu atakayekuja kuomba huduma."

Angekuwa mbele yake, Sindano angemzaba kibao, cheo chake na mvi zake zote.

Mmoja wa wale tisa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Saa ile alikuwa amebanwa kwenye kichwa cha lori katikati ya wanaume wanne wenye bastola, akielekea kizuizi cha barabarani ambako polisi walikuwa wamejificha. Wangefika saa saba. Orodha ikiingia kwenye simu za wale wanaume saa sita na dakika moja, hana saa nzima ya kuishi. Sindano ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita. Na ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, aliyempeleka idarani.

"Badilisheni kwenye daftari!"

"Kila badiliko linaacha alama, na wana mtu wao mle ndani. Majina tisa kubadilika asubuhi moja ni sawa na kuyabandika ukutani. Wewe mwambie amrudishe fundi taipureta, basi."

Saa tano na dakika kumi. Akapanda ngazi zilizobaki roho mkononi.

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, chupa za maji na kiyoyozi kilichokuwa kinadondokea kwenye ndoo. Mwishoni mwa meza alikaa Mama Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na kitabu cha kanuni kilichozungushiwa utepe kisisambaratike. Kwake yeye hata kupiga chafya lazima unyooshe mkono.

Profesa alikuwa amesimama, anatabasamu kama bwana harusi.

"Ndugu wapitiaji, tumeondoa tu kazi zilizokufa. Kama nchi yoyote bado ina mtu anayefanya mojawapo, itaje. Nitairudisha hapa hapa, sekunde moja."

Mkono wa Sindano ulishaanza kunyanyuka.

Halafu akaona. Profesa hakuwa anatazama skrini wala wapitiaji. Alikuwa na simu chini ya ukingo wa meza, na kidole gumba kikiwa tayari juu yake.

Hajui!

Hajui ni kazi ipi. Kazi thelathini na moja zilikuwa chambo thelathini na moja. Mtu wao ndani ya daftari angeweza kutafuta neno moja bila kushtukiwa, si thelathini na moja. Faili lisipopingwa wangepata orodha; likipingwa wangepata neno hilo, na walikuja kumsubiri mjinga wa kuwapa.

"Taja," Mkuu alinong'ona sikioni. "Taja, unangoja nini?"

Sindano akaziba mdomo kama anayekohoa. "Ni mtego. Nikitaja, nimemuua."

"Hiyo ni amri!"

Akakichomoa kifaa akakitumbukiza kwenye glasi ya maji.

Sasa alikuwa peke yake. Kukataa bure hakusaidii kitu. Mpitiaji asiyeonyesha kasoro anahesabiwa amekubali. Alihitaji kasoro ya kweli, kubwa, isiyohusu kazi yoyote kati ya zile zilizofutwa. Akafungua faili.

Kazi 2,583.

Maelezo ya kazi: safi. Namba za kazi: safi. Alipekua kurasa na macho yanawasha, na kila alipofumba alimwona mdogo wake akiwa mtoto, amekaa kizingitini, anangoja afungwe kamba za viatu. Saa tano na dakika thelathini na tano. Hakuna kitu. Wenzake walikuwa wanapiga miayo wanauliza chakula cha mchana saa ngapi. Alitamani kupiga kelele.

Akafungua ripoti ya kikaguzi, ile programu inayopima kama faili linajipinga lenyewe. Hakuna kasoro, ilisema. Kazi zilizokaguliwa: 2,614.

Akatoa hesabu kwa kalamu kwenye kiganja.

Thelathini na moja.

Kumbe walilikagua kabla ya kufuta! Na anayefuta kazi lazima azitafutie mahali pengine kazi zilizokuwa chini yake. Kuna mtu alifanya hivyo baadaye, haraka haraka, na hakurudia kukagua. Sindano alitafuta tarehe za marekebisho. Kazi kumi na mbili zilikuwa zimehamishwa siku moja. Akaanza kuzifungua moja moja. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya saba, safi.

Saa tano na dakika hamsini, Mama Mwenyekiti akagonga maikrofoni.

"Katibu ameniletea barua, imeingia sasa hivi kutoka serikali mojawapo. Niisome kabla ya kura." Akavaa miwani. "'Tunaomba irudishwe kazi moja kati ya zilizofutwa, nayo ni...'"

Kidole gumba cha Profesa kikanyanyuka.

Sindano akaelewa. Mkuu! Amekatiwa mawasiliano, akaona aandike barua!

"Hoja ya utaratibu!"

Kiti chake kilianguka nyuma. Ukumbi mzima ukageuka.

"Mpitiaji," alisema Mama Mwenyekiti, "umenyoosha mkono?"

"Nanyoosha sasa, mama. Mikono yote miwili."

Wapitiaji wakacheka. Sindano hakucheka.

"Kanuni ya tisa, mama. Barua hazisomwi mpaka ripoti ya kikaguzi ithibitishwe. Ripoti tuliyopewa si ya faili hili, hesabu hazilingani. Naomba kikaguzi kiendeshwe hapa, mbele yetu."

Hakuwa na uhakika wowote. Zile tano zilizobaki zikiwa safi kama zile saba, barua ingesomwa hadi nukta ya mwisho.

"Mama Mwenyekiti," Profesa aliingilia, "kwa heshima zote, huku ni kupoteza muda. Kanuni ni kanuni tu."

Hapo alikosea. Mama Mwenyekiti akaiweka barua mezani, kifudifudi, akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, mimi kitabu hiki nimekishona mwenyewe mara mbili. Endesheni."

Fundi mitambo wa ukumbi akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa ukutani. Asilimia ishirini. Hamsini. Themanini. Sindano alihesabu matone ya kiyoyozi kwenye ndoo ili asitazame. Tisini na tatu, bado kijani, na Profesa alishaanza kutabasamu tena.

Tisini na sita.

Nyekundu!

"Mlezi wa wagonjwa majumbani," fundi mitambo alisoma. "Kikaguzi kinasema kazi hii haiwezi kuwa na mtu."

"Eleza kwa lugha ya watu," alisema Mama Mwenyekiti.

"Faili linatamka kwamba kazi za afya na kazi za nyumbani hazichanganyiki hata siku moja, mama. Halafu hii imewekwa kote kuwili. Kwa mujibu wa faili, mlezi wa namna hiyo hayupo duniani na hawezi kuwepo."

Mama Mwenyekiti alivua miwani taratibu.

"Mama yangu yuko kitandani mwaka wa nne. Anayemgeuza na kumlisha ameingia nyumbani kwangu leo saa kumi na mbili asubuhi. Nikirudi nimwambie nini, kwamba hayupo?"

Akafunga kitabu cha kanuni.

"Faili linarudishwa."

"Na ile barua?" Profesa aliuliza, haraka mno.

"Faili likirudishwa, barua zake zinachanwa bila kusomwa. Kanuni ni kanuni tu, au sivyo?"

Mashine ya kuchania karatasi pembeni ikanguruma. Sindano alisimama akaangalia mpaka ukanda wa mwisho ulipoingia.

Mlangoni Profesa alimngoja. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Dada, ulikuwa unatetea kazi gani hasa?"

"Hukusikia? Mlezi wa wagonjwa."

Akashuka ngazi moja moja, bila haraka, kwa sababu yule bwana alikuwa bado anamtazama. Akachukua Glock yake, akasaini, akamshukuru dada wa mapokezi. Alipopinda kona ya kwanza ya barabara, akaegemea ukuta wa duka la vioo akatapika.

Simu ilikuja saa saba na robo.

"Lori tumelikamata," alisema Mkuu, pumzi zikimpaa. "Bunduki mia mbili chini ya mifuko ya saruji. Profesa naye wamemtia mkononi akiwa kwenye teksi."

"Mdogo wangu?"

"Amelala kifudifudi na pingu, sawa na wenzake. Hatuwezi kumtofautisha."

"Mpe simu."

"Siwezi, wanamtazama. Sindano, ile barua..."

"Usiniambie habari za barua. Shika simu mkononi, pita karibu naye, unyamaze."

Alisikia viatu kwenye kokoto. Upepo. Redio ya polisi. Kisha, kwa mbali, halafu karibu kabisa:

"Nyie mna wazimu? Mimi utingo tu! Wewe mwenye kitambi, toa buti mgongoni kwangu, huu mgongo si zulia la kwenu! Shati hili kaninunulia dada yangu, likichanika mtanilipa!"

Sindano aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka huku anacheka, na wapita njia wakampisha. Mtoto alitukana vizuri, alitukana kila askari kwa zamu yake, na yeye alisikiliza kila neno mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Akakata simu, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akavuka barabara akaenda zake.