Chumvi Chini ya Gunia

Kwa nini vifaranga waliokula chakula cha juu ya gunia walinenepa, na waliokula cha chini wakafa? Mteja wetu, mfugaji, alidai ana jibu.

"Mama Shindilia, umewaua vifaranga wangu kwa chumvi! Funga duka!"

Mama yangu huuza chakula cha kuku. Huchanganya mahindi yaliyoparazwa, pumba na chumvi kidogo. Kisha huligonga gunia sakafuni mpaka chakula kishuke, halafu huongeza kingine. Wateja walimpendea hilo, wakampa jina la Shindilia.

"Mwombe radhi, wifi, yaishe," shangazi alinong'ona.

"Yaishe nini? Chumvi nilipima mwenyewe. Siombi radhi kwa kosa nisilolijua. Nitalitafuta kwanza."

"Mwezi mmoja tu," mfugaji alisema. "Kisha nawaambia wafugaji wote."

Jirani yetu, daktari wa mifugo, alikuja na chupa ya kioo. Aliijaza maharage, akamimina chumvi juu.

"Haya, dada, gonga kama ugongavyo gunia."

Mama aligonga. Chumvi ikatoweka juu, ikajikusanya chini.

"Dunia huvuta vyote chini," daktari alieleza. "Lakini punje ndogo hupenya katika nafasi zilizo kati ya punje kubwa. Kubwa hazipiti. Ukigonga, chumvi huzama. Barabara yenye mashimo humalizia kazi."

"Kumbe wema wangu ndio uliowaua?"

"Mkono wako, dada, si moyo wako."

"Afadhali ungekuwa mchoyo!" shangazi alicheka.

Daktari akatufundisha: tusage vyote vilingane, tutie mafuta kidogo ili chumvi ishike, tusigonge. Tena mfugaji akoroge chakula kabla ya kulisha. Mama aliwalisha vifaranga wetu gunia zima, mpaka chini kabisa. Hakufa hata mmoja.

Mwezi ulipoisha, mfugaji alirudi na wenzake, wakajaa mlangoni.

"Bado hujafunga?"

"Sifungi," Mama alijibu. "Wewe, ndugu yangu, nitakurudishia vifaranga wako, kwa kuwa chumvi ilizamishwa na mkono wangu. Nanyi nyote sikilizeni. Hapa gunia halitashindiliwa tena, hata mkininunia. Anayetaka kujua kama amepata haki yake, mizani ile pale."