Ndege Iliyozama Mbele ya Kinindo

—Apana, wifi! Mi siwezi kufanya levée de deuil ya mutu sijamuzika.

—Caritas, huu ni mwaka wa tatu, Orlane alisema kwenye simu. —Mama amechoka na kilio. Familia ikutane, wazee waseme neno, matanga iishe. Na we ukipata mwanaume, hakuna mutu atakusema.

—Na kaka yako akionekana?

Orlane alishusha pumzi, akakata simu.

Gélase, mume wa Caritas, alizama na boti yake mbele ya ufuko wa Kinindo, na ziwa halikumrudisha. Tangu hapo Caritas aliishi peke yake katika nyumba kubwa, akibishana na watangazaji wa redio ili angalau asikie sauti yake mwenyewe. Mji mzima ukilia na uhaba wa mafuta, yeye kila Jumamosi aliwasha gari la marehemu uani, lisife betri. Majirani wakasema kichwa kimemruka. Wacha waseme, wao hawakilalii kile kitanda.

Ndipo akaja Byamungu, mtafiti kutoka Uvira, akapanga chumba cha uani kwa Caritas. Alikuwa anatafuta ndege ya kutua majini ya Wabelgiji, ya zile za mwanzo zenye tumbo kama mtumbwi, iliyozama enzi za ukoloni.

—Ilishuka muzuri juu ya maji, alimsimulia siku ya kwanza, macho yanang'aa. —Watu ku plage, pale ufukoni, wakapiga makofi. Alafu wimbi ikavunja bawa, ikapinduka. Wote wakaenda nayo, na makofi ilikuwa haijaisha.

—Na bibi zao, wale wajane?

—Kulikuwa bibi ya fundi wa ndege. Alibaki ku plage mupaka wakamubeba kwa nguvu.

Kuanzia kesho yake Caritas akawa anampelekea chai ufukoni, anakaa naye mbele ya kioo cha mashine inayopiga picha chini ya maji, hataki kubandua macho. Byamungu, maskini, akajua amependwa. Mwanaume akiletewa chai siku mbili tu, tayari anatafuta suti ya harusi.

Ikafika siku ya mwisho kabla mashine haijarudishwa kwa wenyewe, na boti ya kuipeleka ziwani haina mafuta. Vituo vya mafuta vya Rohero vilikuwa vikavu.

—Basi imeisha, Byamungu alisema. —Kazi yangu yote.

—Kamata bidon, dumu lile pale. Nyonya mafuta mu gari.

—Gari ya nani?

—Ya Gélase.

Byamungu alimtazama mpaka machozi yakamlenga.

—Caritas, mi nakupenda. Najua na we...

—Ngoja. Usiseme. Ile mafuta ni ya kwenda pale boti ya Gélase ilipindukia. Pitisha machine pale kwanza. Juu ya sababu ile ndiyo nilikuwa nakuletea chai.

—Siku zote?

—Mwanzo, ndiyo. Kisha... sijui. Unisamehe.

Byamungu alitumbukiza mpira kwenye tangi, akanyonya, akatema. Macho yalikuwa yamemwiva, akasingizia petroli.

Saa sita Caritas akatuma ujumbe: "Umefika?"

"Nimefika. Bado natafuta."

Alasiri upepo ukavuma, ziwa likachafuka. Caritas akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena, vilevile. Akakimbilia ufukoni bila viatu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane, jina alilokuwa akiliita mbele ya maji yale halikuwa la Gélase. Alilisikia mwenyewe, akaogopa.

Boti ilirudi jua likielekea milima ya Congo. Byamungu akashuka, ameloa mpaka kiunoni, bidon tupu mkononi.

—Umeona nini?

—Muchanga. Mawe. Mbele kidogo chini ya ziwa inaanguka, machine haifiki. Nimezunguka pale tangu asubui, Caritas. Hayuko.

—Na ndege yako?

—Sikuitafuta.

—Byamungu! Kazi yako yote!

—Ile ndege inaweza kungoja. We umengoja ya kutosha.

Caritas akakaa chini mchangani, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia hata siku ya msiba. Byamungu hakumgusa. Alikaa kando yake mpaka akamaliza, na kesho yake akafunga mizigo, akavuka mpaka kurudi kwao.

Jumamosi Caritas aliingia garini, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likazima. Alikaa humo muda mrefu, mikono kwenye usukani. Hakwenda kutafuta mafuta. Alimpigia Orlane.

—Wifi, waambie wazee wapange siku.

Kisha akamwandikia Byamungu: "Mwezi ujao tunafanya levée de deuil ya Gélase. Ukuje."

Jibu lilichelewa, roho ikakaribia kumtoka.

"Nikuje kama nani?"

Caritas aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kama mutu mwenye alimutafuta. Na kisha usirudi Uvira."