Mayai Hayakupoa

Maiti ya Joash Nyongesa ililala kifudifudi ndani ya banda la kuku, mkono mmoja umeelekea kiota kitupu. Damu ilikuwa imekauka kisogoni. Kuku wote walikuwa nje, wamejikunyata chini ya michongoma, na hakuna aliyethubutu kukaribia mlango.

Inspekta Wariara alilelewa na nyanya aliyefuga kuku. Boma lenye kuku na lisilo na sauti asubuhi halikumpendeza.

"Jogoo yuko wapi?" aliuliza.

"Wa hapa alichinjwa jana, madam," alijibu Konstebo Maxwel. "Amebaki yule mweupe wa kisasa, aliyeletwa na mshukiwa. Tangu tufike hajawika."

Mshukiwa alikuwa Kiplimo, dalali wa kuku kutoka mtaa wa Free Area. Wanakijiji walimkamata alfajiri kwenye duka la Kabazi, jaketi lake lina damu. Sasa alikuwa ndani ya gari la polisi, milango imefungwa, na umati umejaa langoni. Kijana mmoja alikuwa amebeba tairi begani.

"Tupeni huyo, madam," alisema kwa upole wa kutisha. "Msijisumbue na mafuta ya gari."

Wariara alimwendea Kiplimo dirishani.

"Jana ulifuata nini hapa?"

"Nilimletea mzee jogoo. Akafurahi, akanichinjia yule wake wa kishungi, tukala."

"Damu?"

"Ya huyo jogoo. Mimi ndiye niliyemshika miguu."

"Mbona ulilala Kabazi?"

"Pikipiki iliharibika. Nilimwacha mzee na firigisi mdomoni, anacheka." Macho yake yalikuwa kwenye lile tairi. "Madam, hawa watu wataniua."

Damu ingepelekwa maabara, na maabara ingechukua wiki kadhaa. Umati usingengoja hata adhuhuri.

Mama mmoja aliyejifunga leso alipita katikati ya polisi akiwa na kikombe cha maji. Alikuwa Truphosa, dada mkubwa wa marehemu, aliyeishi naye katika boma hilo. Alimpa Kiplimo kile kikombe bila kumtazama usoni, akangoja anywe, akarudi jikoni.

Wariara alimfuata kwa macho. Alikuwa ameona mengi kazini, lakini hakuwahi kuona mfiwa akimnywesha maji anayesemekana kumwua ndugu yake.

Daktari alitoka bandani akivua glovu.

"Mwili umekakamaa wote. Alikufa jana jioni, giza likiingia. Pigo moja la kitu butu."

Jikoni, kando ya meko, kuku mwenye shingo tupu alikuwa ameatamia ndani ya kikapu. Truphosa aliketi karibu naye.

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu. Keti. Chai iko."

"Mara ya mwisho ulimwona lini ndugu yako?"

"Tulipomaliza kula. Kichwa kiliniuma, nikaingia kulala. Asubuhi nikaenda kufungulia kuku, nikamkuta."

"Banda lilikuwaje?"

"Wazi. Kuku aliyekuwa akiatamia ametoroka, mayai yametapakaa kwenye mchanga. Nikayaokota nikampa huyu."

"Asubuhi hii?"

"Asubuhi hii."

Wariara aliingiza mkono taratibu chini ya kuku, akatoa yai moja. Lilikuwa limewekwa alama ya mkaa, kama nyanya yake alivyofanya, ili yai geni likitagwa kiotani lijulikane. Aliwasha tochi ya simu, akaliweka yai juu ya mwanga. Ndani, kivuli cheusi kilijivuta, kikatulia, kikajivuta tena.

Alitazama la pili. La tatu. Yote yalikuwa hai.

"Mama," alisema polepole. "Usiku wa huku una baridi gani?"

Truphosa alikivuta kikapu karibu naye.

"Maji yalikuwa karibu kuganda kwenye ndoo. Mayai yangelala kwenye mchanga hadi asubuhi, yangekuwa mawe. Haya hayakupoa. Aliyeyaokota aliyaokota jana jioni, ndugu yako akiwa amelala hapo hapo chini."

Kuni zilipasuka mekoni. Mama yule alilipokea yai kutoka mkononi mwa inspekta, akalirudisha, akampapasa kuku mgongo.

"Mchi uko chini ya kuni," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Mbegu hii ya kishungi mama yetu aliitoa kwao Maragoli. Alipokuwa akifa hakuniachia shamba. Aliniachia kuku. Joash akasema wamepitwa na wakati, hawakui haraka. Jana akamchinjia mgeni jogoo wa mwisho. Nilimpika mimi. Firigisi nikamwekea yeye, kama desturi. Nikanyamaza. Nilijua jogoo mwingine yuko ndani ya mayai."

"Halafu?"

"Jioni akaingia bandani, akamnyanyua kuku kwa mabawa. Alitaka aatamie mayai ya kisasa. Akasema haya atawapa mbwa." Alikunja leso, akaikunjua. "Nilimpiga mara moja. Nikayaokota mayai kwanza. Ndugu yangu nikamwangalia baadaye."

"Na yule kijana garini? Wangemchoma."

"Nilimpelekea maji," alinong'ona Truphosa. "Maneno ndiyo yalikataa kutoka."

Alijifunga leso upya, akaenda mwenyewe hadi langoni. Alikiri kwa maneno machache tu. Kijana wa tairi aliliteremsha, akalisimamisha penye ua, asijue pa kuweka mikono yake. Kiplimo alishuka garini, akaondoka bila jogoo wake.

Truphosa aliketi pale pale alipokuwa ameketi Kiplimo. Kikapu kilikuwa kielelezo cha kesi, lakini hakuna askari aliyejua kukibeba bila kumshtua kuku, kwa hiyo alikipakata yeye, mikono imetiwa pingu.

"Madam," aliuliza Maxwel, "kielelezo kikianguliwa, niandike nini?"

Wariara aliingia garini. Ndani ya kikapu kifaranga kililia ndani ya gamba lake. Truphosa akainama, akakiitikia kwa sauti ya kuku mama, kwi, kwi, kwi.

Gari liliteremka kuelekea kituo cha polisi cha Subukia. Wariara akapandisha kioo, upepo usiingie.